Anthropos: neno moja, miaka 1,500 ya maelezo, na sauti ambayo hakuna aliyeijua

Neno lenyewe ni anthropos. Kwa Kigiriki ni mtu, binadamu, na hata kama hujawahi kugusa Kigiriki umeshakutana nalo, anthropolojia imetoka humo. Sasa swali ni dogo tu, kwa nini mtu akaitwa anthropos? Wagiriki walilijibu hilo swali kwa kama miaka 1,500, kuanzia Athens ya karne ya 4 KK mpaka Constantinople (Istanbul ya leo) ya karne ya 12 BK, na majibu yao tunayo, yameandikwa. Nataka nilichambue hili neno peke yake nisirukeruke, manake watu wengi wakiletewa habari za etimolojia, yaani maelezo ya asili za maneno, za Wagiriki wa kale wanapewa listi ya vichekesho, wanacheka, wanaondoka. Ukikaa na neno moja mpaka mwisho unaona kitu ambacho kwenye listi hakionekani: maelezo yalibaki karibu yaleyale kwa sauti lakini maana yake ikahama, na hakuna mtu aliyesimama kusema jamani imehama.

Kisa kinaanzia kwenye maongezi aliyoyaandika Plato, mwanafalsafa wa Athens, yanaitwa Cratylus. Ndani yake kuna watu watatu, Socrates mwalimu wa Plato, Cratylus mwenyewe, na kijana anaitwa Hermogenes. Huyu Hermogenes ni mtoto wa Hipponicus, ukoo wa matajiri hasa pale Athens, ila mali iko mikononi mwa ndugu yake Callias na yeye hana kitu. Cratylus kamwambia kwamba jina lake siyo Hermogenes hata kama dunia nzima inamwita hivo. Hermogenes maana yake ni uzao wa Hermes, na Hermes ndo mungu wa faida na biashara, kwa hiyo Socrates anakisia kuwa Cratylus anamtania, pesa zinamkimbia halafu anajiita mtoto wa mungu wa pesa. Lakini nyuma ya utani kuna hoja nzito. Cratylus anashikilia kwamba kila kitu kina jina lake sahihi kwa asili, sahihi kwa Mgiriki na kwa mgeni vilevile. Hermogenes anasema hapana, jina ni makubaliano na mazoea, kama vile bwana anavyoweza kumbadilisha mtumwa jina na jina jipya likawa sahihi kama lile la zamani.

Socrates anaanza kwa kusema yeye hana utaalamu, manake mwalimu mmoja wa kulipwa, Prodicus, anafundisha mambo ya majina kwa bei ya drakma 50 na yeye kaishia kusikiliza somo la drakma moja. (Hiyo drakma, kwa njia, ndo mzazi wa dirhamu yetu, imepitia Uajemi na Uarabuni mpaka ikafika pwani.) Baadae anakubali kujaribu, na akishaanza hashikiki, anachambua majina ya miungu, ya mashujaa, ya jua na mwezi, ya moto, ya haki, neno baada ya neno kurasa na kurasa.

Anthropos inakuja mapema katika huo mlolongo. Kabla hajaigusa Socrates anasema kitu ambacho wasomaji wengi wanakipita haraka, kwamba amepata wazo kali sana na asipojiangalia leo atakuwa na hekima kuliko inavyostahili. Halafu anatoa mfano wa kutayarisha njia. Kuna jina la mtu, Diphilos. Hilo zamani lilikuwa maneno mawili, Dii philos, mpendwa wa Zeus. Ukatoa herufi moja ya i, ukashusha mkazo wa silabi ya kati, sentensi ikageuka jina.

Hapo nakubaliana nae kabisa, na msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kukataa manake na sisi tunalo hilohilo. Mwana Aisha akawa Mwanaisha, a mbili zimekutana moja ikamezwa. Mwenye enzi akawa Mwenyezi, na watu wanaitamka kila siku bila kukumbuka kuna enzi humo ndani. Kwa hiyo mtu asije akasema Socrates alikuwa anaota tu, jambo lenyewe lipo katika lugha, maneno yanashikana na yakishikana yanapoteza vipande.

Sasa anakuja kwenye neno letu. Wanyama wengine, anasema, wanaona vitu lakini hawavichunguzi, hawavitafakari, hawavipimi. Mtu yeye akishaona, na kuona hapo anatumia neno la kishairi opope, yaani ameona, papohapo anachunguza na kupima kile alichokiona, na neno la kuchunguza ni anathrei. Basi mtu peke yake kati ya wanyama kaitwa anthropos kwa haki, kwa sababu ni anathron ha opope, anayeyachunguza aliyoyaona. Unatoa herufi moja tu, a, na mkazo wa mwisho unakuwa mzito kidogo, anthropos hiyo hapo.

Hebu tuhesabu, manake hii ndo sehemu inayonivutia kuliko zote. Andika kwa utaratibu: anathron ha opope. Ukitoa ile a moja aliyoisema unabaki na anthron ha opope. Bado hujafika. Lazima utoe n ya mwisho wa neno la kwanza, utoe ha yote, utoe o ya kuanzia opope, halafu ile pe ya mwisho uiondoe uweke s. Kwenye Diphilos hesabu ilitimia, herufi moja ikatoka na kazi ikaisha. Kwenye anthropos ametangaza herufi moja na zimeondoka kama sita, na Hermogenes hasemi kitu, anakubali wanasonga mbele. Mi sidhani kama Plato hakuiona hiyo. Mtu aliyeandika maongezi kwa uangalifu namna ile hawezi kuweka mfano safi na mfano mchafu bega kwa bega kwa bahati mbaya.

Na ushahidi wa kwamba aliona uko mbele kidogo katika maongezi hayohayo. Wanafika kwenye neno katoptron, kioo, na Socrates analalamika kwamba ile r haina kazi pale, imeingizwa na watu wanaojali umbo la mdomo kuliko ukweli, wanazidi kupaka maneno rangi mpaka hakuna tena anayejua yalimaanisha nini. Halafu anasema lenyewe: tukiruhusiwa kuingiza na kutoa herufi zozote tunazotaka, itakuwa rahisi sana kulibandika jina lolote kwenye kitu chochote. Hiyo ndo hukumu ya njia nzima, na imetoka mdomoni mwa anayeitumia. Mahali pengine anasema pia kwamba ukikwama unaweza kusema neno ni la kigeni, kama alivofanya mwenyewe kwa pyr, moto, akasema pengine Wagiriki wamelipokea kwa watu wasio Wagiriki na Wafrigia nao wanalo linalofanana, lakini baadae anakiri kuwa huo ni ujanja, sawa na watunzi wa tamthilia wanaokwama halafu wanamshusha mungu kwa mashine. Na mwishoni kabisa anamwambia Cratylus kuwa ni afadhali kuvijua vitu kwa vitu vyenyewe kuliko kwa majina yake.

Kwa hiyo mwaka huohuo maelezo yanazaliwa, dawa yake ilikuwa tayari kwenye kurasa zilezile. Swali la kisa hiki ni hili, kwa nini dawa haikunyweka?

Kwanza maelezo yalikuwa na kazi. Tukisikia etimolojia sasa hivi tunafikiria historia, neno limetoka wapi, lini, kwa kupitia lugha gani. Wagiriki walikuwa wanauliza kitu kingine, kwamba aliyekitungia hiki kitu jina alikuwa anajua nini kuhusu hiki kitu. Etymon kwao ni lililo kweli, na etymologia ni maelezo ya lililo kweli ndani ya neno. Ukiuliza hivo, huna haja ya jibu kuwa moja. Socrates mwenyewe anatoa maelezo zaidi ya moja kwa soma, mwili: wengine wanasema ni sema, kaburi la roho, au ni sema kwa maana ya alama kwa sababu roho inaonyesha kwa mwili kile inachotaka kuonyesha, au ni gereza ambamo roho inatunzwa salama mpaka ilipe deni, na hilo la mwisho anawapa wafuasi wa Orpheus na analiona ndo karibu zaidi. Kwa mtu wa leo kaburi, alama na gereza haviwezi kuwa asili ya neno moja kwa wakati mmoja. Kwake yeye vinaweza vyote kuwa kweli kuhusu mwili.

Baada ya Plato hii kazi ikapata wenyewe. Wastoa, kundi la wanafalsafa, wakaichukua kwa moyo wote, waliamini maneno ya mwanzo kabisa yaliiga vitu vyenyewe, na Chrysippus katika karne ya 3 KK akafika mpaka kusema kwamba mtu akitamka ego, mimi, kidevu kinashuka kuelekea kifuani, kwa hiyo neno lenyewe linaonyesha kuwa akili inakaa moyoni. Wanasarufi nao wakaiingiza darasani. Dionysius Thrax katika karne ya 2 KK anapoorodhesha sehemu sita za sarufi, kutafuta etimolojia ni mojawapo. Zikatengenezwa taratibu kabisa, kwamba herufi inaweza kuongezeka, kupungua, kubadilika au kuhama nafasi, kila badiliko lina jina lake la kitaalamu. Yaani lile jambo ambalo Socrates alilitaja kama hatari, kwamba utaweza kubandika chochote popote, limegeuzwa fomula ya kufundishia watoto.

Wapo waliopinga. Sextus Empiricus, mwanafalsafa wa kutilia shaka kila kitu, kama mwaka 200 BK, anachukua lychnos, taa, ambayo wanasarufi walisema inatokana na kulifungua giza, lyein to nychos. Anasema sawa, sasa ili tujue lychnos ni Kigiriki sahihi lazima tujue nychos ni Kigiriki sahihi, na hilo nalo litahitaji lake, na lile lake, hatufiki mwisho. Au tukifika kwenye neno lisilo na etimolojia tukalikubali kwa sababu tu watu wanalitumia, basi si tungeikubali lychnos kwa sababu hiyohiyo tangu asubuhi? Galen, daktari wa Pergamon, akiijibu ile hoja ya kidevu ya Chrysippus anaiita etimolojia shahidi mwenye majigambo, anayewatolea ushahidi waongo sawa na anavyowatolea wakweli. Huyu shahidi wa Galen mi namkumbuka kila nikisoma uzi mrefu mtu anathibitisha asili ya jina la mji wake. Si kwamba shahidi anadanganya kila siku. Tatizo ni kwamba akisema kweli na akisema uongo uso wake ni uleule.

Turudi kwenye anthropos, manake katikati ya hizo karne ndo kitu kilitokea.

Kipande cha mbele cha anathrei, yaani ana, kina maana zaidi ya moja. Kinaweza kuwa juu, kinaweza kuwa tena, kinaweza kuwa kurudia kitu kwa makini. Plato alikitumia kwa maana ya kuchunguza, mtu anaona halafu anarudi kwa akili juu ya alichokiona. Lakini kulikuwa na wazo lingine linazunguka kwa Wagiriki, kwamba mtu peke yake amesimama wima. Xenophon anamwonyesha Socrates akisema miungu ilimsimamisha mtu peke yake ili aone mbele zaidi na atazame vilivyo juu kwa urahisi. Aristotle anasema mtu kasimama wima kwa sababu asili yake ina uungu. Wazo hilo halikuwa na uhusiano wowote na neno anthropos, lilikuwa habari ya mwili. Ila lilikuwa kila mahali, na ana ilikuwa pale, mlango wazi.

Likaingia. Etimolojia ikawa ano athrein, kutazama juu. Ukiangalia herufi hakuna kilichobadilika cha maana, a imekuwa o. Ukiangalia maana, kila kitu kimebadilika. Mtu wa Plato ni mtu anayefikiri. Mtu wa hawa waliofuata ni mtu aliyeinua uso. Na kile kipande cha nyuma, opope, aliyoyaona, kimebaki bila kazi, manake kama neno zima ni kutazama juu basi ile pos ya mwisho imetoka wapi? Haikuwasumbua.

Kwa Wakristo hii ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yao. Basil, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika karne ya 4, katika mahubiri yake ya siku sita za uumbaji anasema wanyama vichwa vyao vimeinamia ardhi, wewe kichwa chako kimeelekea mbinguni na macho yako yanatazama juu, usijishushe ukaishi kama wao. Yeye hapo hahitaji etimolojia, anahubiri umbo la mwili. Lakini msikilizaji anayejua Kigiriki cha shule atasikia neno anthropos likiitikia kila sentensi. Upande wa Kilatini mwandishi Mkristo Lactantius anaandika wazi kwamba Wagiriki walimwita mtu anthropos kwa sababu anatazama juu, na karne tatu baadae Isidore, askofu wa Sevilla, aliyefariki 636, anairudia na kuongeza kwamba ameinuliwa kutoka kwenye udongo ili amtafakari Muumba wake.

Hapa kwa Isidore nasimama kidogo kwa sababu kuna kitu cha ajabu na nadhani ndo kipimo kizuri kuliko vyote katika kisa kizima. Muda mfupi kabla ya hiyo sentensi anaeleza neno la Kilatini la mtu, homo, anasema limetokana na humus, udongo, kwa sababu mtu aliumbwa kwa udongo. Na wataalamu wa leo wanakubali kuwa homo na humus kweli ni shina moja! Sababu aliyoitoa ni ya Mwanzo, ya Biblia, siyo ya isimu, lakini maneno aliyoyaunganisha yameungana kweli. Mistari michache mbele, njia ileile, kalamu ileile, anatuletea anthropos ya kutazama juu ambayo haisimami. Yeye mwenyewe hakuwa na namna ya kujua ipi imepata na ipi imekosa. Zote mbili zilisikika vizuri, zote mbili zilifundisha kitu chema, basi zote zikaandikwa.

Safari ya Kigiriki yenyewe inaishia Constantinople. Katika nusu ya pili ya karne ya 9 watu ambao majina yao hatunayo walikaa wakakusanya kamusi kubwa ya asili za maneno, wasomi wanaiita Etymologicum Genuinum, imetufikia kwa nakala mbili za mkono za karne ya 10, moja iko Vatican na nyingine Florence. Walikuwa wanasoma vitabu vya wanasarufi waliowatangulia, kama Orion wa Thebe ya Misri wa karne ya 5, wanakata vipande, wanavipanga kwa alfabeti, na mara nyingi wanaandika mwishoni kipande kimetoka kwa nani. Hiyo tabia ya kutaja aliyesema naiheshimu sana, manake vitabu vingi walivyovitumia vimepotea na bila wao tusingejua hata kama viliwahi kuwepo. Kutoka hapo zikazaliwa nyingine, na iliyokuja kujulikana kuliko zote ni Etymologicum Magnum ya karne ya 12, ambayo Zacharias Kallierges aliichapa Venice mwaka 1499, kitabu kikubwa kizuri, mtambo mpya kabisa unachapa maarifa ya zamani kabisa.

Ukifungua Etymologicum Magnum kwenye anthropos unakuta maelezo yamesimama foleni yakiunganishwa na neno dogo e, au. La kwanza ni kutazama juu, kwa kuwa mtu peke yake kati ya wanyama anatazama juu. Au, anasema, ni kuyapima aliyoyaona, ile ya Plato, imeshushwa nafasi ya pili na hapo hapo imebanwa. Au, na hii ni mpya kwetu, ni kuwa na sauti yenye viungo, enarthron opa, yaani sauti inayogawanyika vipande vipande vya maneno, ambayo ng'ombe hana. Tazama kilichofanyika kwenye hiyo ya tatu. Kigiriki kina neno ops la jicho na uso, na kina ops nyingine ya sauti, fupi kidogo. Plato alikuta jicho mwishoni mwa anthropos, huyu akakuta sauti. Mtu anayetazama mbingu, mtu anayefikiri, mtu anayesema. Mwandishi wa kamusi hachagui. Kazi yake ni kuhifadhi na amehifadhi.

Sasa sisi tunajua nini ambacho wao hawakujua? Hapa ndo nilipochelewa zaidi kuelewa na nataka nieleze polepole.

Mwaka 1952 Michael Ventris alifungua maandishi yanayoitwa Linear B, yaliyochorwa kwenye vibao vya udongo, na ikaonekana ni Kigiriki, Kigiriki cha mamia ya miaka kabla ya Plato. Baadhi vilitoka kwenye kasri la Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, ambalo liliungua kama mwaka 1200 KK, na moto huohuo uliochoma kasri ndo uliovioka vibao vikadumu. Havina mashairi wala hadithi, ni hesabu za stoo, mafuta, kondoo, samani. Kibao kimoja kinaorodhesha viti vidogo vya kuwekea miguu vyenye mapambo, na kimoja kati ya hivyo kimepambwa kwa pembe ya ndovu kwa umbo la mtu, farasi, pweza na po-ni-ke, ambayo ni mtende au kiumbe wa hadithi, wataalamu hawajakubaliana. Mtu ameandikwa a-to-ro-qo. Farasi ameandikwa i-qo. Pweza ameandikwa po-ru-po-de.

Linganisha na Kigiriki cha Plato: anthropos, hippos, polypous. Kwenye mtu na farasi pale palipokuwa na q pana p. Kwenye pweza ilikuwa p tangu mwanzo. Kwa hiyo p ya Plato ilikuwa na wazazi wawili tofauti, na yeye alivyokuwa anasikia ilikuwa sauti moja tu. Kilatini kilibakiza ile ya zamani kwenye farasi, equus.

Ukitaka kuihisi hii kwa masikio yako mwenyewe chukua Kimvita na Kiunguja. Unguja wanasema mchele, Mombasa ya asili mtele. Kucheka, kuteka. Chini, tini. Jicho, jito. Njia, ndia. Njaa, ndaa. Hakuna aliyekaa akaamua, ila inajirudia neno baada ya neno kwa utaratibu, na kwa sababu ya huo utaratibu ukikutana na neno geni unaweza kutabiri litakavyokuwa upande wa pili, na utabiri ukikataa unajua kuna kitu. Hicho ndo Wagiriki hawakuwa nacho. Walikuwa na orodha ya mabadiliko yanayoweza kutokea, ongeza, punguza, badili, hamisha, ila hawakuwa na sharti la lini lazima yatokee na lini hayawezi. Na Plato alikuwa karibu sana! Katika Cratylus anataja kwamba Waathene wanasema sklerotes na watu wa Eretria wanasema skleroter, s kwa r, yaani ameshika mkononi ulinganisho wa lahaja mbili, halafu anautumia kuuliza kama s na r zote zinafanana na kitu kimoja. Kila nikifika hapo natamani angeuliza swali lingine.

Kwa hiyo anthropos imetoka wapi? Kipande cha nyuma, kile cha q, kinaweza kuwa kweli jicho au uso, manake shina la jicho nalo lilikuwa na sauti hiyohiyo ya zamani, Kilatini oculus imebakiza alama yake, na opope ya Plato inatoka kwenye shina hilo. Yaani pale mwishoni, pale ambapo wale wa kutazama juu walipaacha bila kazi, Plato huenda aligusa kitu. Kipande cha mbele ndo tabu. Wengi walifikiria aner, mwanamume, andr-, ili iwe mwenye uso wa mwanamume, lakini andr- ina d na anthropos ina th, na hakuna kanuni inayoigeuza moja kuwa nyingine hapo. Wengine wanaona neno zima ni la watu waliokuwa Ugiriki kabla ya Kigiriki kufika, na wanaliacha hapo. Na kuna pendekezo la karibuni kutoka Ufaransa kwamba mwanzo wake ni shina la maana ya chini, kwamba anthropos ni yule wa chini, anayekaa ardhini, tofauti na miungu walio juu. Hilo likisimama litakuwa limeligeuza kabisa lile lililofundishwa Constantinople. Bado halijakubaliwa na wote, na mi sina ujuzi wa kulitetea wala kulipinga.

Ila pendekezo la chini linabidi lijibu maswali ambayo ano athrein halikuwahi kuulizwa: q yako imetoka wapi, th yako imetoka wapi, ni neno gani jingine limepita njia hiyohiyo. Mwandishi wa Etymologicum Magnum asingeona tabu kuliweka kwenye foleni, angeandika "au" nyingine, akaendelea na neno linalofuata.